Usimgombeze mtoto kwa kiazi kimoja

Majuzi nilipitia Ruiru kumjulia hali rafiki yangu anayeuza chipsi. Nilimkuta akimfokea bintiye wa Gredi ya Tano. Kisa? Msichana alikuwa amekata viazi viwili vya biashara, akachonga ua kwenye kimoja na nyota kwenye kingine, akavipaka rangi na kupiga chapa kwenye karatasi.

"Nimekupeleka shule usome, si uchezee chakula!" mama alisema. Mtoto akajibu kwa machozi kwamba mwalimu ndiye aliyewaagiza.

Sikumlaumu mama, maana bei ya gunia la viazi sote twaijua. Lakini hebu nikusimulie nilichomweleza.

Zamani Wajapani walichapa picha kwa njia iyo hiyo, ila wao walitumia mbao za mcheri. Mmoja alichora, wa pili akachonga ubao, na wa tatu akapaka rangi, akalaza karatasi juu na kuisugua. Mara nyingi kila rangi ilihitaji ubao wake. Picha hizo ziliuzwa kwa bei nafuu kwa watu wa kawaida. Iliyo maarufu zaidi ni ile ya wimbi kubwa, iliyochorwa na Hokusai mnamo 1831 hivi.

Japani ilipofungua milango ya biashara baada ya mkataba wake na Marekani wa 1854, picha hizo zilifika Ulaya kwa wingi. Wasanii wa huko walishangaa kuona rangi zisizo na vivuli, mistari minene, na vitu vilivyokatwa na ukingo wa picha. Mwaka wa 1887, jijini Paris, Vincent van Gogh alinakili kwa rangi za mafuta picha ya Hiroshige ya daraja kwenye mvua. Claude Monet naye alijaza nyumba yake picha za Kijapani. Kitu cha bei rahisi kikawa mwalimu wa mabingwa!

Utauliza, yatuhusu nini sisi? Mtazame mama huyo huyo. Kiunoni alikuwa amejifunga leso. Pwani yetu, mwishoni mwa karne ya 19, leso zilichapwa kwa mkono kwa vibao vya mbao vilivyochongwa nakshi. Baadaye wafanyabiashara waliagiza leso kutoka Uholanzi, Uingereza, India, na hata Japani, nchi ya Hokusai. Nyingi zilizovaliwa na nyanya zetu zilivuka bahari namna hiyo, ingawa maneno yaliyoandikwa juu yake yalikuwa ya Kiswahili.

Ukitoka Ruiru ukafika Thika, mji wenye viwanda vya nguo kama Thika Cloth Mills, kumbuka kwamba kila kitambaa chenye maua kilianza na mtu aliyekaa chini akachora ua. Mtu huyo aliwahi kuwa mtoto. Je, kama angepokonywa kiazi chake?

Mama alinyamaza, akaitazama leso yake kwa muda, kisha akainama kwenye gunia. Alichagua viazi vitatu vilivyoota, visivyofaa kukaangwa, akampa bintiye.

"Hivi chonga. Vile vizuri niachie vya wateja."

Nawe mzazi, fanya vivyo hivyo. Samaki mkunje angali mbichi. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.