Springi za upepo ni namba 10, barabara za Mbulu zinataka beki

KUNA mjadala umeingia kwenye vijiwe vya soka huku Manyara, na safari hii hauhusu usajili wa Simba wala Yanga. Unahusu gari.

Timu moja ya ligi ya mkoa, jina nalihifadhi, imechangisha wanachama na wadau ili inunue gari la mtumba linalovuta tairi zote nne. Kazi yake ni kubeba vifaa na viongozi, na siku ya mechi likae pembeni ya uwanja likisubiri majeruhi. Kamati imegawanyika. Kundi moja linataka Range Rover au Discovery yenye springi za upepo, ile inayojiinua na kujishusha kwa kubonyeza kitufe. Kundi la pili linataka Land Cruiser mkonga, ngumu, yenye springi za chuma.

Msomaji utauliza, mwandishi wa mpira anaingiaje hapa? Naingia kwa sababu mpira wa wilaya unachezwa barabarani kabla haujachezwa uwanjani. Babati tumeshaona Ligi Kuu pale Tanzanite Kwaraa, wakubwa wanafika kwa lami. Ila ukitoka Dareda kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Dongobesh, au ukitoka Katesh kupitia Basotu kwenda Haydom, hapo lami unaisahau. Kiangazi ni vumbi na mawe. Masika ni tope linalovuta kiatu mguuni.

Sasa tuelewane kwanza hizi springi ni kitu gani. Gari la kawaida linakalia koili, au vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Gari la springi za upepo linakalia mifuko ya mpira, kila tairi na mfuko wake. Kuna kompresa ya umeme inayojaza upepo, kuna mabomba membamba ya kuupeleka, kuna valvu za kuugawa, na kuna sensa zinazopima gari limekaa juu kiasi gani. Juu ya wote kuna kompyuta. Huyo ndiye kocha, bila yeye hakuna anayecheza.

Tusiwe wabishi, mfumo huu una mambo yake. Gari linainuka kuvuka mawe, likifika linashuka ili mgonjwa apandishwe kwa urahisi. Ukijaza watu na mipira nyuma, halikai kama bata, linajisawazisha lenyewe. Na ulaini wake kwenye barabara kubwa ya Babati, Katesh hadi Singida, hauna mpinzani. Anayesema springi za upepo ni urembo mtupu hajawahi kuzipanda.

Shida inaanza pale watu wanapodhani gari likiinuka basi limeshinda mechi. Kwanza, kwenye gari lenye ekseli nzima, ukiinua bodi difu inabaki pale pale. Kinachoipandisha difu ni tairi kubwa, si upepo. Kwenye gari ambalo kila tairi linacheza kivyake, hapo kweli tumbo lote linapanda. Lakini hata hapo kuna gharama. Springi ikishajazwa hadi mwisho, tairi halina tena nafasi kubwa ya kushuka. Likikutana na korongo linabaki linaelea, na gari linakuwa gumu. Isitoshe, magari mengi ya aina hii yakizidisha mwendo yanajishusha yenyewe. Dereva anadhani yuko juu kumbe ameshateremshwa.

Pili ni vumbi na tope. Mfuko wa mpira ukikaa na mchanga kwenye mikunjo yake unasagika taratibu. Jiwe kali linaweza kukata bomba. Uvujaji mdogo ambao huuoni unaifanya kompresa ifanye kazi muda wote, kama kiungo anayekimbia dakika 90 bila sapoti. Mwisho inachemka, inakufa. Na gari la mtumba, ambalo ndilo tunalolizungumzia, linakuja na mpira uliozeeka tayari.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni namna linavyoharibika. Chuma kimoja kikikatika kwenye springi bapa, vingine vinabaki vimebeba. Unafunga kwa waya, unaweka kipande cha mbao, unatembea polepole hadi kwa fundi. Mfuko wa upepo ukipasuka, kona ile ya gari inaanguka chini.

Nayasema haya nikiwa nimeyaona. Masika iliyopita nilikuwa kwenye mechi ya vijana upande wa Dongobesh. Winga mmoja, mtoto wa shule, alivunjika mguu kipindi cha pili. Shabiki mmoja mwenye moyo akatoa gari lake zuri, la springi za upepo, tumkimbize Haydom. Tulimlaza nyuma, na kwa dakika za mwanzo nilimshukuru Mungu kwa ule ulaini, maana kijana hakuwa analalamika sana. Halafu taa ikawaka kwenye dashibodi. Baada ya muda upande wa mbele kushoto ukazama, bodi ikaanza kukwangua tairi. Tukasimama.

Tulikaa pale zaidi ya saa mbili. Mwenye gari anazima, anawasha, anabonyeza vitufe, kompyuta inamjibu kwa taa ile ile. Aliyetuokoa ni dereva wa pikapu kuukuu iliyobeba magunia ya vitunguu saumu. Alishusha magunia yake pembeni ya barabara, akayaacha hapo, tukampandisha kijana. Ile pikapu ilikuwa inaruka kama mbuzi. Yule mtoto alilia kila shimo, na mimi nilikuwa nimemshika kichwa nikitazama pembeni. Lakini alifika.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia gari fulani ni laini, namuuliza swali moja tu: likiharibika njiani, linatembea?

Mashabiki wa magari makubwa watanijibu kwamba Range Rover ina historia porini. Ni kweli kabisa, ila wasome historia yote. Range Rover ilitoka mwaka 1970 ikiwa na koili. Iliyoshinda mbio za kwanza za Paris-Dakar kwa upande wa magari, mwaka 1979, ilikuwa ya zama hizo za koili. Springi za upepo zimeingia kwenye Range Rover mwaka 1992. Na mwaka 1991, mashindano ya Camel Trophy yalipopita hapa kwetu Tanzania kwenda Burundi, Waturuki wakabeba kombe, magari yalikuwa Discovery za zama hizo, nazo ni za koili. Jina lilijengwa na chuma, upepo umekuja kulirithi.

Fundi mmoja wa Katesh niliyemuuliza aliniambia kwamba springi ya chuma ikifika asubuhi, jioni gari linaondoka, kwani vipuri vyake vipo hata kwenye magari yaliyokufa. Ila mfuko wa upepo inabidi uagizwe, na bila mashine ya kusoma kompyuta ya gari anakuwa anabahatisha. Kwa timu ya ligi ya mkoa, gari kusubiri kipuri wiki tatu maana yake ni mechi tatu bila gari la majeruhi.

Na huku si majeruhi wa mpira tu. Desemba 3, 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka Katesh, tukazika ndugu zetu. Siku kama ile gari la timu linakuwa gari la mji mzima. Huendi kumwambia mtu aliyefukiwa kwamba sensa imegoma.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Kwa mtu binafsi anayekaa Babati au Arusha, anayetembea sana kwenye lami na kuingia rafu rodi mara chache, mwenye fundi anayeujua mfumo na fedha ya vipuri, springi za upepo zinafaa, afurahie maisha. Kwa timu, zahanati au shule ya Mbulu na Hanang yenye gari moja tu, hapana. Nunueni koili au springi bapa.

Wanaosema chuma kitamuumiza mgonjwa wana hoja, nami nimeisikia hoja hiyo kwa masikio yangu kwenye pikapu ile. Lakini ina dawa. Wekeni shokapu nzuri, msijaze tairi upepo kupita kiasi, nunueni godoro zito na machela, na dereva awe mtu mzima asiyeshindana na bodaboda. Vyote hivyo vinapatikana bila kuagiza kipuri kimoja cha kompyuta.

Na kama kamati imeshalipia lile la upepo, msilie. Liegesheni jioni, asubuhi mliangalie: kona iliyolala inavuja. Oshea mifuko kila mkitoka kwenye tope. Bei ya kompresa iwe kwenye bajeti kabla ya jezi mpya. Wapo pia mafundi wanaotoa mfumo wote na kufunga koili, ulizeni mapema.

Mzee wetu John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alianguka kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, goti likaumia. Alimaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, mguu ukiwa umefungwa bandeji. Kamati ikikaa Jumapili ijayo kupiga kura, itafute gari la namna hiyo.