Majarida ya wasomi: zamani alilipa msomaji, leo ni mwandishi

Mwisho wa 2019, jarida la Marekani New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya majaribio ya dawa za Ebola. Wagonjwa 681, wote wa huku kwetu: Beni, Butembo, Katwa, Mangina. Profesa Muyembe alikuwa kati ya walioyaongoza. Zamani, karatasi hizo zingefika Bukavu ndani ya miezi, kama zingefika. Sasa, mutu anafungua simu.

Kwa kusoma, hali imekuwa nafuu kweli. Tangu 2002 mpango wa HINARI unafungulia hospitali na vyuo vya nchi maskini majarida mengi ya afya.

Lakini mulango haukuvunjwa, umehamishwa tu. Mara nyingi jarida linasomwa bure kwenye mtandao kwa sababu mwenye kuandika njo analipa. Mwaka 2020, Nature ilitangaza ada ya euro 9,500. Asistanti wa Uvira atatoa wapi feza hiyo? Na bila makala, hapandi cheo.

Hapo njo wajanja wanaingia. Barua-pepe inamusifu sana, inaomba dola mia, inaahidi kutoa makala ndani ya siku tatu. Siku tatu! Ni mutaalamu gani ameikagua?

Kuko jambo wengi wetu hatuambiwi: majarida mengi ya kweli, kama yale ya PLOS, yanasamehe ada kwa waandishi wa nchi kama Congo. Mengine yanataka uombe siku ile unatuma makala. Ukingoja mpaka ikubaliwe, umechelewa.