Saa ya Mkononi Hainyanyui Aliyeanguka

Zawadi ambazo watoto huwaletea wazazi wao wakirudi kutoka mijini au ng'ambo zimebadilika. Zamani ilikuwa blanketi, redio au kitenge kizuri. Siku hizi ni saa za mkononi ambazo huhesabu hatua za mtu na kupima mapigo ya moyo wake, na nyingine hupiga simu zenyewe aliyezivaa akianguka. Wengine hufunga kamera sebuleni ili wamwone mama yao wakiwa mbali. Nasi wauguzi tunaulizwa: "Sista, je, vitu hivi vina faida, au ni biashara tu?"

Faida ipo. Lakini kengele haimwokoi mtu. Anayemwokoa ni yule anayeisikia akaja. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: familia isinunue chombo cha namna hiyo kabla ya kumwuliza mzee mwenyewe, na kabla ya kukubaliana ni nani atakayekuja chombo kikilia. Nitaeleza sababu zangu kwa kutumia mambo ambayo wataalamu wenyewe wameyaona katika uchunguzi wao.

MAMBO HAYA YALIANZAJE?

Mwaka 1991 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Mark Weiser, aliandika kwamba siku zijazo kompyuta zitaingia ndani ya vitu vya kawaida vya nyumbani na kazini, hata watu wasizitambue tena kuwa ni kompyuta. Baada yake vyuo vikuu vingi vilianza kuchunguza jinsi watu watakavyoishi na vyombo hivyo katika nyumba na katika miili yao.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, chuo kikuu cha Georgia Tech katika mji wa Atlanta kilianza kujenga nyumba nzima kwa kazi hiyo tu. Ilikuwa nyumba ya ghorofa tatu, yenye eneo la mita za mraba zipatazo 468. Waliipa jina la Aware Home, yaani nyumba inayotambua. Ndani yake waliweza kujaribu vihisi, maana yake vifaa vidogo vinavyotambua mwendo, uzito au sauti, ili nyumba ijue watu wako wapi na wanafanya nini.

Kwa nini wataalamu hao waliwafikiria sana wazee? Kwa sababu Marekani wazee wengi huishi peke yao, na watoto wao wako katika majimbo ya mbali. Mzee hataki kupelekwa katika makao ya wazee. Anataka kubaki katika nyumba aliyoizoea. Mtoto naye halali vizuri kwa wasiwasi. Hali hii sasa haiko mbali nasi. Tazameni jumuiya zetu: nyumba ngapi zina bibi mmoja na mjukuu mdogo, huku watoto wakubwa wote wako mijini?

VIPEPEO BADALA YA KAMERA

Mwaka 2001 Elizabeth Mynatt na wenzake wa chuo hicho walieleza chombo ambacho kwangu mimi kina hekima nyingi. Ni fremu ya picha ya kuweka mezani au ukutani katika nyumba ya mtoto. Katikati kuna picha ya mzazi. Pembeni, kuizunguka picha, kuna alama ndogo kama vipepeo zinazoonyesha jinsi mzee alivyoshinda siku hadi siku, kwa muda wa siku 28. Mtoto akipita na kuitazama, anaona kwamba mama ameamka na kutembea kama kawaida yake, au kwamba leo kuna tofauti. Mwaka 2005 James Rowan na Mynatt walitoa taarifa ya kukijaribu chombo hicho kwa mwaka mzima katika familia ya kweli.

Msomaji, angalia walichokifanya na walichokataa kukifanya. Hawakumwonyesha mtoto mama yake akiwa jikoni au akielekea chooni. Kipepeo kinasema mama amehangaika kiasi gani leo; hakisemi alikuwa amevaa nini wala alizungumza na nani. Mtoto anapata utulivu, na mzazi anabaki na heshima yake.

Sisi wengine tunafanya kinyume. Tunafunga kamera katika nyumba ya mzee bila hata kumwuliza, kwa kuwa tumeinunua kwa fedha zetu. Mzazi aliyetulea tukiwa uchi hakutupa ruhusa ya kumtazama yeye akiwa uchi. Akikataa kamera, tusiseme kwamba ni mkaidi au hajasoma. Wataalamu wa Atlanta, wenye mitambo yote, waliona jambo hilo linastahili kufikiriwa sana.

KENGELE IPO, LAKINI HAIBONYEZWI

Kuanguka si jambo dogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wazee. Mara nyingi hatari haiishii katika kuanguka kwenyewe. Mzee akilala chini kwa saa nyingi, anapata baridi, anapungukiwa maji, ngozi inaanza kuchubuka na kuleta vidonda, na misuli iliyobanwa inaweza kuharibika na kudhuru figo.

Mwaka 2008 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchunguzi uliofanyika Cambridge. Wazee 110 wenye umri wa zaidi ya miaka 90 walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Kati yao 66 walianguka. Katika hao walioanguka, 53 walishindwa kuinuka wenyewe angalau mara moja, na 20 walilala sakafuni kwa muda wa saa moja au zaidi. Kengele za kuitia msaada zilikuwepo kwa wingi. Hata hivyo, wengi waliolala chini muda mrefu hawakuzitumia.

Kwa nini? Wapo walioona kwamba kengele hiyo haiwahusu. Wapo waliohofu kupoteza uhuru wao. Wapo walioshindwa tu kuitumia. Hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza dawa ya mambo hayo matatu peke yake. Dawa yake ni mazungumzo. Mzee anayeamini kwamba akiita msaada ataonekana ni mzigo, au ataondolewa nyumbani kwake, hataita hata ukimvalisha kengele shingoni.

Ni kweli kwamba saa mpya zinajaribu kutambua anguko zenyewe, bila kubonyezwa. Hilo ni jema. Lakini saa ikivuliwa wakati wa kuoga na usiku wakati wa kulala, haipo katika saa zile ambazo mzee huteleza bafuni au huamka gizani kwenda chooni. Na ikiwa haikuchajiwa, ni bangili tu.

KENGELE ZIKIZIDI

Liko jambo jingine ambalo wauguzi wanalijua vizuri. Mashine ya wodini ikilia mara nyingi bila sababu, masikio yanazoea. Siku inapolia kwa sababu ya kweli, mtu anachelewa. Mwaka 2013 shirika linalokagua ubora wa hospitali za Marekani, Joint Commission, lilitoa onyo juu ya hatari hiyo. Lilisema kwamba tangu Januari 2009 hadi Juni 2012 liliarifiwa matukio 98 yaliyohusu kengele za mashine za wagonjwa, na matukio 80 kati ya hayo yaliishia katika kifo. Hizo ni hospitali zenye wauguzi waliosomea kazi na walio zamu. Je, mtoto aliye kazini, ambaye simu yake inalia mara ishirini kwa siku, atafanya nini?

Angalia pia uchunguzi mkubwa wa saa za Apple uliofanywa na Chuo Kikuu cha Stanford na kuchapishwa mwaka 2019. Waliojiunga walikuwa 419,297. Saa ilitafuta mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambayo huweza kugandisha damu moyoni na kuleta kiharusi. Watu 2,161 walipewa taarifa na saa zao. Wengine kati yao walitumiwa kipimo cha kubandika kifuani, na vipimo 450 viliporudi vikiwa vinafaa kusomwa, tatizo lilionekana katika 34 kati ya kila 100. Maana yake nini? Saa inaweza kumwambia mtu, "Nenda ukapimwe." Haiwezi kumwambia, "Wewe ni mgonjwa," wala, "Wewe ni mzima." Yeyote anayeacha vidonge vya presha kwa sababu saa yake imeonyesha namba nzuri anajiweka hatarini.

KIMEPIMWA KWA NANI?

Vyombo hivi husoma mwili kwa mwanga unaopita katika ngozi. Ndivyo kinavyofanya kazi kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni katika damu, ambacho kanuni yake iligunduliwa na Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970. Ni chombo kizuri, na wakati wa Korona watu wengi walikinunua ili wakitumie nyumbani.

Lakini Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha jambo la kutufikirisha. Walichukua wagonjwa ambao kibanio kiliwasoma oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, kiwango ambacho hakishtui sana, wakalinganisha na kipimo cha damu yenyewe. Kwa wagonjwa weupe, karibu 4 kati ya 100 walikuwa kwa kweli chini ya asilimia 88. Kwa wagonjwa weusi, walikuwa karibu 12 kati ya 100. Rangi ya ngozi inaweza kukipotosha chombo.

Basi, mzazi akihema kwa shida, akichanganyikiwa, au midomo na ulimi vikibadilika rangi, mpelekeni hospitali hata kama namba ni nzuri. Tunayo haki ya kuuliza: chombo hiki kimejaribiwa kwa watu wa ngozi kama yetu?

"HERI KIDOGO KULIKO KUKOSA"

Najua wengine watasema: "Sista, heri kengele kuliko kutokuwa na kitu." Nakubali, ikiwa kuna sikio la kuisikia na miguu ya kuja. Bila hivyo naona hatari. Mtoto akishanunua saa, moyo wake unatulia. Anapunguza kupiga simu, kwa maana saa ipo. Jirani naye haulizi, kwa maana watoto wanamwona kwa mtambo. Mwishowe mzee anabaki na saa nzuri mkononi na hana mtu wa kuzungumza naye. Fremu ya vipepeo ilitengenezwa ili mtoto aone tofauti, kisha aulize, "Mama, leo vipi?" Chombo kinachotufanya tusiulize tena kimeharibu kazi yake.

TUFANYE NINI?

1. Mwulizeni mzee kwanza. Mwelezeni chombo kinaona nini na nani atapata habari. Akikubali, na awe na uwezo wa kukizima.

2. Chagueni watu wawili walio karibu, si walio mbali. Mtoto aliye ng'ambo hawezi kufika kwa dakika kumi, jirani anaweza. Majirani hao waulizwe, wakubali, na wajue ufunguo uko wapi. Majina na namba zao ziandikwe kwa herufi kubwa ukutani.

3. Tengenezeni nyumba kabla ya kununua mtambo. Taa au tochi karibu na kitanda, chombo cha kukojolea usiku, ubao au bomba imara la kushikilia chooni, viatu visivyoteleza, na mikeka iliyokunjika iondolewe njiani. Macho yapimwe. Ikiwa dawa zinaleta kizunguzungu, mwambieni mganga, msiziache wenyewe.

4. Mzee akianguka, msimvute kwa haraka. Mwulizeni anaumwa wapi. Mguu mmoja ukiwa mfupi na umegeukia nje, au ikiwa hawezi kuusogeza, huenda nyonga imevunjika: msimsimamishe, mfunikeni blanketi, tafuteni usafiri. Aliyegonga kichwa, hasa anayetumia dawa za kuyeyusha damu, apelekwe hospitali hata akisema hajambo.

5. Mzee asiyeumia afundishwe kuinuka: ajigeuze ubavu, apige magoti na mikono, atambae hadi kwenye kiti imara, ashike, ainuke polepole.

6. Chombo kikishanunuliwa, kijaribuni mara moja kila mwezi. Kipigeni kengele makusudi, muone ni nani atafika na baada ya dakika ngapi.

Jambo hilo la mwisho ndilo kipimo changu. Ikiwa kengele imelia na jirani amefika, nunueni saa mkipenda, itawasaidia. Ikiwa hakuna aliyefika, fedha za saa zitumieni kwanza kwa nauli ya kwenda kumwona mzazi, mkae naye pamoja na majirani zake, mkubaliane nani atakuja.