Kopo la Supu na Chupa ya Soda

Mwaka 1962, mjini Los Angeles nchini Marekani, Andy Warhol alionyesha picha 32 za makopo ya supu ya Campbell's, zimepangwa ukutani mfano wa bidhaa dukani. Hiyo ndiyo sanaa ya popu, ambayo chimbuko lake lilikuwa Uingereza katika miaka ya 1950. Msanii huchukua tangazo la biashara, au sura ya mcheza sinema, akaifanya picha.

Wapo wasemao kwamba Warhol aliwaumbua mabepari, kwa kuwaonyesha walaji jinsi maisha yao yalivyogeuzwa kuwa makopo yanayofanana. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Lakini hatuna budi kujiuliza: je, bepari aliumia? Picha hizo zilinunuliwa zote kwa dola 1,000. Mwaka 1996 zilichukuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York kwa thamani ya dola milioni 15 hivi. Mwaka 2022, picha moja ya Warhol ya Marilyn Monroe iliuzwa mnadani kwa dola milioni 195. Ni dhahiri kwamba kejeli dhidi ya bidhaa imegeuka kuwa bidhaa.

Sasa tumtazame Mbrazili Cildo Meireles. Mwaka 1970, nchi yake ikiwa chini ya utawala wa kijeshi uliobana magazeti, alichukua chupa za Coca-Cola, akazichapa kwa wino mweupe maneno ya kuwataka Wamarekani warudi kwao, kisha akazirudisha katika biashara. Chupa ikiwa tupu, maandishi hayakuonekana kwa urahisi. Ilipojazwa soda, yalisomeka. Hivyo kiwanda chenyewe kikawa tarishi wa ujumbe wa kukipinga! Tena aliwaalika wananchi wengine waandike maoni yao na kuzirudisha chupa vivyo hivyo.

Atasema mtu kwamba baadhi ya chupa hizo nazo zimo katika majumba ya makumbusho leo. Ni kweli. Hata hivyo, sanaa yenyewe ilikuwa ule mwendo wa chupa kutoka mkono hata mkono, miongoni mwa watu ambao pengine hawajaingia kamwe katika maonyesho ya picha.

Mwalimu anayefundisha sanaa, na mtumishi anayeisimamia, wasiridhike kwa kuwa msanii ameichora bidhaa, kwani kuichora bidhaa si kuikosoa. Wamuulize pia: kazi hii inapita mikononi mwa nani, na inamtumikia nani?