Kabla ya Kupima Kilo, Tufungue Vitabu

KANDO YA ZIWA
Na Leticia Ng'wandu

Shule zinazounda vilabu vya mazingira na kuwahimiza watoto walete karatasi chakavu kutoka nyumbani zinafanya kazi njema, nami naziunga mkono bila kusitasita. Ninaloomba ni moja tu: meza ya kuchambulia iwekwe kabla ya mizani.

Mnunuzi wa karatasi kuukuu hapa Mwanza hatafutwi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Juni 1, 2019, karatasi imekuwa kifungashio cha kila genge. Nunua karanga Kirumba au andazi Buhongwa, uone lilivyofungwa: ukurasa wa daftari wenye hesabu za sehemu, tiki za wino mwekundu na, pembeni, mwandiko wa mwalimu: "Rudia." Daftari lililojaa limeshamaliza kazi yake, ingawa sipendi wino ukutane na mafuta ya moto ya andazi. Kinachoniumiza ni ile karatasi yenye namba ya ukurasa na picha. Hiyo imechanwa kwenye kitabu.

Njia mojawapo ya vitabu hivyo kufika sokoni ni stoo za shule. Mtaala mpya ulianza kutumika kwa awamu Januari 2024, na kila awamu inavisukuma vitabu vya zamani nje ya kabati. Mwalimu mkuu hana nafasi, mchwa hawalali, na mnunuzi yuko getini na mizani yake. Simlaumu mwalimu. Lakini kuzidisha sehemu hakukubadilika na mtaala, ramani ya Ziwa Victoria haikubadilika, na hadithi ya sungura bado inamfundisha mtoto wa darasa la tatu kusoma.

Niliwahi kuwapo shule moja ya msingi ilipokuwa ikisafisha stoo. Magunia yalishafungwa kwa kamba ya katani, tukaomba yafunguliwe. Zikatoka atlasi zisizo na jalada, vitabu vya Kiswahili vyenye muhuri wa shule, kamusi iliyopoteza kurasa za mwanzo, kisha kitabu chembamba cha kisomo cha watu wazima, kinachofundisha kusoma kupitia kilimo cha pamba. Mwalimu kijana aliyekishika aliuliza ni cha somo gani.

Jibu lake lilianzia humu humu mjini. Kati ya mwaka 1968 na 1972, mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, wa Serikali kwa kushirikiana na UNESCO, ulikuwa na makao yake Mwanza na ulihudumia mikoa ya kanda hii. Vitabu vyake viliandikwa kwa kufuata kazi za watu wenyewe: pamba kwa wakulima wa Usukuma, migomba kwa watu wa Ziwa Magharibi, uvuvi kwa wakazi wa pwani ya ziwa, ng'ombe kwa wafugaji. Mwaka 1974 likaanzishwa hapa Mwanza gazeti la Elimu Haina Mwisho, ili waliojifunza kusoma ukubwani wasije wakasahau. Uzoefu wa kanda yetu uliingia katika kampeni ya taifa zima. Bibi na babu za watoto wanaobeba magunia leo walijifunza kuandika majina yao kwa vitabu hivyo. Na kwa kuwa vilikuwa vingi, kila mtu alidhani mwenzake anavyo, basi vikaachwa vioze.

Ukivuka maji hadi Ukerewe, utakuta kisa kinachonitia hofu zaidi. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata akafariki dunia. Kwa miaka 35 kazi ile kubwa kuliko zote zilizoandikwa visiwani kwetu ilikuwa rundo la karatasi zisizochapishwa. Mtu mmoja mwenye bidii ya usafi angeweza kuimaliza asubuhi moja.

Kuchambua si jambo geni. Shirika la Read International, lililoanzishwa na wanafunzi wa chuo kikuu huko Nottingham, lilikusanya vitabu ambavyo shule za Uingereza hazikuvihitaji tena, likavileta Tanzania. Kazi ya kwanza ilikuwa kuvilinganisha na mtaala wetu, ili visije visivyotufaa. Kama wageni walivifungua vitabu vyao kwa ajili yetu, sisi tunashindwaje kuvifungua vyetu?

Hapo mezani nawaona wanafunzi wa darasa la sita, mwalimu mmoja, mzazi kutoka kamati ya shule na, ikiwezekana, mkutubi wa Maktaba ya Mkoa. Kila kitabu kifunguliwe. Kinachosomeka kishonwe kwa sindano na uzi, kipakwe gundi, kirudi darasani au kipelekwe shule yenye uhaba. Cha zamani kisicho na mwenzake kiende maktaba. Madaftari yachanwe kurasa ambazo hazijaandikwa, zishonwe ziwe daftari jipya la mazoezi. Mtoto asiye na daftari yupo katika kila darasa. Rejista na kumbukumbu za shule zisiguswe kabisa, maana ni nyaraka za umma zinazolindwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002.

Kinachobaki ndicho chakavu, na hapo mizani ije. Kiwandani karatasi huloweshwa hadi irudi kuwa uji, kisha hutoka maboksi na trei za mayai. Nyuzi zake hufupika kila mara, hivyo huweza kuzungushwa mara tano hadi saba tu. Iwe kavu, isiwe na pini wala jalada la plastiki, na isiwe na mafuta. Karatasi iliyokwisha kufunga andazi imefika mwisho wa safari. Itachomwa, au mvua itaisukuma Mto Mirongo hadi ziwani. Shule ikipenda kujaribu yenyewe, wenzetu wa Kisumu waliwahi kuchanganya karatasi chakavu na magugumaji ya ziwa hili hili wakatengeneza kadi.

Fedha itakayopatikana ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, kilo kwa kilo, watoto waione. Wao ndio waliobeba.

Kidato cha nne wanafanya mtihani Novemba, kisha shule zinafungwa na stoo zinasafishwa. Wakurugenzi wa Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela wana muda wa kutosha kuandika waraka wa ukurasa mmoja: hakuna gunia la vitabu litakalotoka getini bila kufunguliwa na kusainiwa na kamati ya shule.