Tawi la wanajiolojia chuoni nalo ni mtaji

Mfanyabiashara wa Sokon I anayenunua mahindi hatoi fedha kabla ya kuchoma gunia kwa bambo na kutazama punje zilizotoka katikati. Anajua kuwa mdomoni mwa gunia kila mahindi ni mazuri. Lakini mfanyabiashara huyo huyo akiombwa kuhudumia shimo la tanzanite kule Mirerani, au akitaka kuchimba kisima kirefu nyuma ya nyumba yake ya kupangisha, mara nyingi hutoa fedha kwa maneno matupu. Chini ya ardhi bambo ni mmoja tu, naye ni mwanajiolojia. Swali ambalo wenye mitaji wa Arusha hawajiulizi ni wapi mtaalamu huyo anajifunza kusema kweli.

Darasani hufundishwa miamba. Desturi ya kutunza vipimo, kuandika taarifa isiyotiwa chumvi na kumwambia mwenye fedha kuwa hapa hakuna kitu, hujengwa zaidi ndani ya vyama vya taaluma. Mlango wa kuingilia vyama hivyo ni matawi ya wanafunzi vyuoni. AAPG, chama cha wanajiolojia wa mafuta kilichoanzishwa Marekani mwaka 1917, na Society of Economic Geologists, chama cha wanajiolojia wa madini cha mwaka 1920, vyote vina matawi ya namna hiyo katika nchi nyingi. Kwa Tanzania, mahali pake ni vyuo vikuu vinavyofundisha jiolojia, kama Dar es Salaam na Dodoma.

Anayedhani kuwa hayo ni mambo ya wasomi tu na akumbuke Bre-X. Kampuni hiyo ya Kanada ilitangaza kuwa imepata dhahabu nyingi mno Busang, Indonesia, na thamani yake katika soko la hisa ikapita dola bilioni 6 za Kanada. Mwaka 1997 uchunguzi huru ulionyesha kuwa sampuli zilichanganywa na dhahabu iliyotoka kwingine. Hisa zikawa karatasi, na wawekezaji wadogo wakabaki na majuto. Kutokana na fundisho hilo, mwaka 2001 Kanada iliweka kanuni kwamba taarifa za kitaalamu za madini wanazopewa wawekezaji zitayarishwe na mtu mwenye sifa, aliye mwanachama wa chama cha taaluma kinachotambuliwa. Maana yake ni kwamba saini ya mtaalamu ina dhamana: akidanganya, chama kinaweza kumwondoa, na mkate wake ukaishia hapo.

Watanzania nao wamekwisha kuweka fedha juu ya maoni ya wanajiolojia. Mwaka 2014 kampuni ya utafutaji mafuta ya Swala iliuza hisa kwa wananchi kwa shilingi 500 kila moja, kisha ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kilichonunuliwa hakikuwa kiwanda wala ghala. Kwa sehemu kubwa kilikuwa ni makadirio ya kilichopo chini ya mabonde ya Kilosa, Kilombero na Pangani. Mnunuzi asiyejua nani ametoa makadirio, na yuko chini ya chama gani, amenunua gunia bila kulichoma.

Hapa Arusha jambo hili liko karibu zaidi, kwenye ndoo ya maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutoa floridi, na visima vingi vya eneo hili huizidisha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwenye nyumba anayechimba bila ushauri anaweza kumaliza akiba yake, akapata maji mengi, na wapangaji wakayakataa kwa kuwa yanaharibu meno ya watoto.

Tatizo ni namna matawi yanavyoendeshwa. Viongozi ni wanafunzi, muda wao ni mfupi, na wakihitimu huondoka. Kama hapakuwa na makabidhiano, wanaondoka pia na anwani za wafadhili, vitabu vya fedha na saini za benki. Wanaofuata huanza upya. Vyama vya nje havisubiri: tawi hutakiwa kuwa na mlezi ambaye ni mhadhiri na kupeleka taarifa za kazi zake. Tawi lililolala hukosa fedha kama zile za mfuko wa Stewart R. Wallace, ambao Society of Economic Geologists huutumia kusaidia ziara za mafunzo za matawi. Hasara hiyo haisababishwi na umaskini, bali na uzembe wa vitabu.

Dawa yake kila mwenye duka anaijua. Makamu mwenyekiti na msaidizi wa mweka hazina wachaguliwe kutoka mwaka wa pili, ili wajifunze kazi kabla ya kuishika. Mlezi awe mmoja wa watia saini benki, kwa kuwa yeye hahitimu. Hesabu zibandikwe kwenye ubao wa matangazo kila muhula.

Wenye mitaji wa Arusha wachangie, lakini kwa masharti. Wanafunzi wanaokuja kuona Meru na Oldoinyo Lengai walipiwe nauli na malazi, na wao waache kitu: orodha ya visima vya kata kama Sokon I, yenye kina, mahali na kipimo cha floridi. Gharama ya ziara moja haiwezi kulinganishwa na ya kisima kilichoharibika, na orodha hiyo itamfaa kila anayekusudia kuchimba.

Wapo watakaosema kuwa Saniniu Laizer hakuhitaji tawi la chuo mwaka 2020, alipoiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Ni kweli kuwa bahati ipo. Lakini biashara haipangwi kwa hesabu ya aliyepata. Hupangwa pia kwa hesabu ya wale waliohudumia mashimo miaka nenda miaka rudi, wakauza mifugo na viwanja, na hakuna gazeti lililowapiga picha.

Wengine wanahofu kuwa wanafunzi watazila fedha hizo. Hofu hiyo ni halali, na ndiyo sababu ya masharti. Apewe fedha yule aliyeleta hesabu ya fedha za mwaka jana. Mwanafunzi aliyezoea kutoa hesabu ya nauli ya basi kwa shilingi ndiye atakayekuja kuandika taarifa ya mgodi bila kuongeza gramu.