Korbani ya Siku Hizi



Kila mwaka, tarehe 2 Novemba, Mama Kanisa hutualika kuwaombea marehemu wote. Hapa kwetu Kamina waamini huandika majina ya wafu wao kwenye karatasi, huyaleta kanisani pamoja na sadaka, nasi makatekista huyapokea mlangoni. Mwaka mmoja alikuja kijana wa parokia yetu, afanyaye kazi ya migodi huko Kolwezi. Karatasi yake ilikuwa na majina 11: babu, nyanya, shangazi, hata mwenzake wa shule ya msingi. Jina la baba yake halikuwemo. Nasi tulikuwa tumemzika mzee huyo mwezi wa Februari wa mwaka uleule, na kijana hakuja kwenye kilio. Tukamwuliza kwa upole kama amesahau. Akajibu: "Sikusahau. Yule alimfukuza mama yangu, akakaa na mwanamke mwingine. Alikufa katika dhambi. Mimi ni Mkristu."

Jibu la namna hiyo twalisikia mara nyingi. Wengine hulisema juu ya baba, wengine juu ya mama. Tumekaa nalo siku nyingi, na leo twataka kusema waziwazi: jibu hilo si la Kikristu, hata kama limevikwa nguo ya dini.

Tusieleweke vibaya. Ndoa halali ya wabatizwa, ikiisha kutimizwa, hakuna mamlaka ya kibinadamu iwezayo kuivunja. Kifo peke yake huifungua. Ndivyo isemavyo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1141, na ndivyo tunavyowafundisha wachumba wote wanaojiandaa kwa ndoa. Tribinali ya Leta yaweza kuandika talaka. Mbele ya Mungu karatasi hiyo haikifungui kifungo. Wala hatusemi kwamba kumfukuza mke ni kosa dogo. Tumewaona wanawake wakitoka katika nyumba waliyoitunza miaka 20, wamebeba sufuria na godoro. Tumewaona watoto wakigawanywa kama mali: wakubwa kwa baba, wadogo kwa mama, na mmoja kwa mjomba huko kijijini.

Hata njia yalikopitia mabaya hayo twaijua. Mji wetu ni mtoto wa reli. Njia ya kwenda Ilebo, mji ulioitwa zamani Port-Francqui, ilimalizika mwaka 1928. Mwaka 1956 tukaunganishwa na Kabalo. Kamina ikawa njia panda. Njia panda huleta biashara, huleta na vishawishi. Wanaume walilala majuma mengi katika stesheni za mbali. Wengine walifuata migodi ya Kolwezi na Likasi, wengine Lubumbashi, karibu kilometa 600 kwa reli. Huko ikazaliwa nyumba ya pili. Mshahara ulipochelewa, kile kidogo kilicholetwa kilitosha nyumba moja, na nyingine ikalala njaa. Mama akawalea watoto kwa kuuza unga wa mihogo na samaki wakavu wa Bukama. Watoto waliyaona hayo kwa macho yao. Basi kijana yule hakosi sababu ya kuumia. Anayo. Neno letu ni hili: atafanya nini na maumivu yake, sasa akiwa mtu mzima, mwenye mshahara, mke na watoto wake mwenyewe?

Wazazi wanaopigana kwa mikono ya watoto

Tuanze na wazazi, kwa kuwa wao ndio waliotangulia kukosa. Wapo walioachana miaka 15 iliyopita na hata leo wamo vitani, na silaha yao ni watoto. Mama anamwambia binti yake mwenye miaka 30: "Ukienda kumsalimu baba yako, usirudi kwangu." Baba anamwambia mwanawe: "Ukimtumia mama yako feza, unamlisha mwanamume aliye naye." Tazameni ajabu hiyo! Mtu mzima, anayeitwa baba nyumbani kwake, anakwenda kumwona mama yake kwa kujificha kama mwizi. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Hapa tembo wameachana zamani, kila mmoja na pori lake, na nyasi bado zinakanyagwa.

Papa Fransisko, katika Wosia wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika jamaa, aliwasihi wazazi waliotengana wasimfanye mtoto mateka kamwe, bali kila mmoja amseme mwenzake kwa wema mbele ya mtoto. Tusidhani maneno hayo ni ya watoto wadogo tu. Mateka haachi kuwa mateka kwa sababu ameota ndevu.

Yupo tena baba wa siku ya mahari. Hakulipa ada ya shule hata ya muhula mmoja. Binti alipolazwa na malaria, hakuonekana. Lakini siku wakwe wanapokuja na bahasha na mbuzi, huyo hapo, amevaa koti, ameketi kiti cha mbele. "Mimi ndimi niliyetoa mali kwa mama yake, watoto ni wangu." Akiona fungu lake ni dogo anakataa, na arusi inasimama. Kwa desturi ya Baluba wa kwetu mtoto huhesabiwa katika ukoo wa baba. Hatuipingi desturi hiyo. Lakini desturi ileile ilimpa baba mzigo kabla ya kumpa kiti: alishe, avike, auguze, aoze. Aliyeutupa mzigo njiani, mbona adai ujira mwisho wa safari? Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyotengenezwa upya sehemu zake mwaka 2016, yasema mahari ni ya wazazi wa binti, wala haisemi ni ya baba peke yake. Na kazi ya kumlisha na kumlea mtoto imewapa wote wawili. Sheria ya Kanisa nayo, kanuni ya 1154, yaagiza kwamba wenzi wakitengana, matunzo na malezi ya watoto lazima yapatikane daima. Baba aliyeyasahau hayo na aanze kwa kuomba msamaha, mbuzi atahesabu baadaye.

Na sisi watoto tuliokua

Sasa twaja kwetu sisi, wenye miaka 30 na zaidi. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana Wetu aliwakemea Mafarisayo kwa ajili ya neno moja: Korbani. Mtu alitangaza kwamba mali yake imetolewa kwa Mungu, na tangu hapo hakuwa na lazima tena ya kumsaidia baba wala mama. Angalieni ujanja wake. Haukuwa uasi wa wazi, ulikuwa ibada! Amri ya Mungu ilizikwa kwa jina la Mungu.

Korbani haijafa. Twaisikia kila juma katika mji wetu, toka Sobongo hata Dimayi: "Baba yumo katika dhambi, siwezi kula bukari mezani pake." "Mama aliolewa tena, nyumba ile si ya Kikristu, watoto wangu hawaingii." "Zaka yangu natoa, nyumba yangu nalisha, la zaidi sina." Na msemaji huenda ni mwanakwaya, huenda ni mkubwa wa jumuiya, na mama yake analala chini ya bati linalovuja, ng'ambo ya reli.

Haya, tuzitazame sababu hizo. Je, amri ya nne imeweka sharti? Imetuagiza kuheshimu baba na mama, wala haikuongeza kwamba ni wale tu walioishi vema. Yoshua bin Sira, katika sura yake ya 3, anamwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zikimwishia. Mtu anayeweza kuvumilia wazimu wa mzazi, ashindwe na udhaifu wake?

Je, Kanisa limemfukuza mzazi huyo? La, hasha. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika Wosia wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, aliwataka wachungaji na waamini wote wawasaidie walioachana na kuoana tena, wasijione wametengwa na Kanisa. Waalikwe kusikiliza Neno la Mungu, kuhudhuria Misa, kudumu katika sala na matendo ya mapendo, na kuwalea watoto wao katika imani. Na yule aliyeachwa, akakaa peke yake, hazuiliwi Komunyo kwa sababu ya kuachwa. Basi, ikiwa Mama Kanisa anamfungulia mlango, wewe unayemfungia umepewa ufunguo na nani?

Je, Leta? Katiba ya nchi yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 40 yasema watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Haikuuliza kama wazazi wanakaa nyumba moja. Ni aibu kwetu tuliobatizwa kama sheria ya Leta inadai kutoka kwetu jambo ambalo Injili haijaweza kulipata.

Wengine wanaogopa: "Nikimtembelea, nitakuwa nimeukubali unyumba wake." Sivyo. Kumpelekea mzee dawa ya presha si kubariki alivyoishi. Bwana Wetu aliketi kula na wakosefu, na hakuna aliyejifunza kutoka kwake kwamba dhambi ni njema.

Ndugu, tuseme kweli. Mara nyingi tunachokichukia si dhambi ya mzazi. Ni kidonda chetu. Tulingoja feza za shule, hazikuja. Tulingoja mlangoni siku ya Noeli, hakuja. Kidonda hicho ni cha kweli, na kinastahili kuitwa kidonda. Lakini kukiita utakatifu ni uwongo, na kidonda kilichofunikwa kwa kitambaa cha altare hakiponi. Kinaoza chini yake.

Neno juu ya waliopigwa

Mtatuuliza: na baba aliyempiga mama mpaka akavunjika mkono? Na yule aliyemtenda binti yake mabaya? Twajibu bila kuzunguka. Heshima si kujirudisha kwenye fimbo. Usimpeleke mtoto wako mahali asipo salama. Kosa la jinai lipelekwe mbele ya tribinali, kwa maana kusamehe hakufuti mashitaka. Kwa mtu wa namna hiyo, yatosha kumwombea, na akiwa na njaa kumtumia chakula kwa mkono wa mwingine. Anayemwambia binti aliyeteswa, "Nenda ukampigie baba yako magoti," anamtwisha msalaba ambao Kristu hakumpa.

Lakini tusijifiche nyuma ya mateso ya wengine. Wengi wetu hatukuvunjwa mikono. Tulinyimwa, tulisahauliwa, tulionea haya wazazi wetu mbele ya wenzetu. Ni uchungu mkubwa, ila si uchungu unaotukataza kupiga hodi.

Na sisi makatekista tukiri kosa letu. Tumewasifu vijana "wenye msimamo" waliowakata wazazi wao. Tumewauliza wachumba mbele ya watu, "Baba yako yuko wapi?" hata binti akainamisha kichwa. Tumeona mzee mgonjwa akioshwa na majirani, watoto wake sita wakiwa hai, wala hatukuandika hata barua moja. Seminarini tulijifunza vema kuzitaja kanuni za ndoa. Kwenda kukaa na waliovunjika baada ya ndoa kuanguka tulijifunza kidogo sana.

Tufanye nini basi? Kwanza, nenda ukamwone mzazi wako kabla ugonjwa haujakuita. Chukua sukari na unga, keti, uliza habari za miguu yake. Maelezo ya mambo ya zamani usiyadai siku ya kwanza. Pili, unachompa mmoja kisiwe siri kwa mwingine; siri ndiyo inayolisha vita. Tatu, usikubali tena kuwa tarishi wa matusi. Ukiambiwa, "Kamwambie baba yako hivi na hivi," jibu kwa adabu: "Mama, neno hilo si langu kulibeba." Tena wapelekeni watoto wenu wawajue babu na nyanya zao wote wanne. Wao hawana kesi na mtu.

Someni tena kitabu cha Mwanzo. Katika sura ya 21 Abrahamu anaamka asubuhi na mapema, anampa Hagari mkate na kiriba cha maji, anamwondoa pamoja na mtoto wake Ishmaeli. Maji yakaisha jangwani, na mama akamweka mtoto chini ya kichaka asimwone akifa. Je, yupo kati yetu aliyefukuzwa kwa ukali kuliko huo? Lakini fikeni sura ya 25. Abrahamu amekufa, na waliomzika katika pango la Makpela ni wawili: Isaka na Ishmaeli. Maandiko hayasemi kwamba Ishmaeli alikisahau kile kiriba. Yasema tu kwamba alikuwapo.

Siku ile kijana wetu wa Kolwezi hakutaka kalamu. Jina la mzee wake tuliliandika sisi, mwishoni mwa karatasi yetu wenyewe, na likasomwa pamoja na mengine. Lakini mkono wetu si mkono wa mwanawe. Novemba yaja tena, ndugu. Kalamu ipo mlangoni. Na kwa wale ambao wazazi wao wangali hai, Mungu apewe sifa, hakuna haja ya kungoja Novemba.